Jumatano na Wazee wa Ndege

Mwaka 1993 nilikuwa nimeajiriwa na manispaa kuwahudumia wazee majumbani mwao huko Hässelby, magharibi ya Stockholm, mahali ambapo reli ya chini ya ardhi inafika mwisho na ziwa Mälaren linaanza. Mmoja wa wazee wangu alikuwa fundi mstaafu wa ndege za kivita. Miguu ilikuwa imemchoka na mkono wake wa kulia ulitetemeka, lakini kila Jumatano alitaka avishwe shati jeupe lililopigwa pasi, kisha ateremshwe kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha pamoja cha jengo, ambako wenzake watatu walikuwa wakimsubiri. Wote watatu walikuwa marubani wa jeshi. Kwa kuwa hakuweza kushika kikombe bila msaada, ilinibidi nikae naye mpaka baraza ivunjike. Ndivyo nilivyoyasikia haya ninayoyaandika.

Majina yao siyataji, kwa sababu wameacha watoto na wajukuu ambao sikuwaomba ruhusa. Nyumbani, nilipomsimulia mume wangu, mmoja nilimwita Mzee wa Barkarby, mwingine Mzee wa Bima, na wa tatu Mzee wa Kamina. Wao walitaka niwaite majina yao ya kwanza, kama ilivyo desturi ya Uswidi, lakini ulimi wangu ulikataa. Mtu wa rika la baba yangu siwezi kumwita jina kavu. Niliwaita Mzee, nao wakazoea.

Kuna sababu ya marubani kuwa wengi Hässelby. Kaskazini kidogo, ng'ambo ya msitu, ulikuwepo uwanja wa Barkarby, makao ya kikosi cha F 8 kilichoundwa mwaka 1938 ili kuulinda mji mkuu. Kikosi kilivunjwa mwaka 1974, na wakati ninaouzungumzia uwanja ulikuwa umebaki na vindege vya klabu. Lakini katika miaka ya 1950 ndege za Hunter zilizonunuliwa Uingereza zilikuwa zikinguruma pale, na vijana waliozirusha walihitaji nyumba za kuweka wake na watoto. Hässelby nayo ilikuwa ikijengwa. Stesheni ya Hässelby gård ilifunguliwa mwaka 1956, ya Hässelby strand mwaka 1958, na majengo marefu yakapanda mahali palipokuwa mashamba na nyumba za vioo za wakulima wa maua na mboga. Mzee wa Barkarby aliingia kwenye nyumba yake akiwa luteni, na hakuhama tena. Baadaye aliacha jeshi akawa rubani wa shirika la safari za ndani, Linjeflyg, ambalo mwaka huohuo wa 1993 lilikuwa limemezwa na SAS. Kila Jumatano alilikumbuka kama mtu aliyefiwa.

Watu hudhani wanajeshi wazee wakikutana huzungumza vita. Hawa walizungumza zaidi kuhusu zamu za kufulia. Katika majengo ya Uswidi mashine za kufulia ziko chini, chumba kimoja kwa jengo zima, na kila mpangaji huandika saa yake ubaoni. Kuna mtu alikuwa akichukua saa za wengine, na jambo hilo lilijadiliwa majira yote ya baridi kwa uzito ambao sijausikia hata katika baraza za mashemeji. Walizungumza magoti, ngazi zenye barafu, na vifaa vya masikio vilivyokuwa vikipiga filimbi, maana wote wanne walikuwa nusu viziwi kwa sababu ya injini. Walizungumza wake zao, walio hai na waliokufa. Kahawa ilikuwa nyeusi na kali, na mikate yake ilikuwa na iliki, harufu ambayo mara ya kwanza ilinirudisha Kigoma, kwa mama mkwe wangu, kabla sijaketi.

Halafu kulikuwa na pensheni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si marubani wote walikuwa sawa. Kulikuwa na maofisa, waliosomeshwa na kupandishwa vyeo hadi kustaafu, na kulikuwa na marubani wa mkataba, waliochukuliwa wakiwa vijana, wakarusha ndege zilezile katika hatari zilezile, kisha mkataba ukiisha wakaagwa. Mzee wa Bima alikuwa wa kundi hilo la pili. Alirusha J 29, ndege ya kwanza ya Uswidi yenye mabawa yaliyorudi nyuma, nene tumboni kiasi kwamba Waswidi wenyewe waliiita pipa lirukalo. Saab ya Linköping ilitengeneza 661, na mwaka 1954 ndege ya aina hiyo ilivunja rekodi ya dunia ya mwendo katika mzunguko wa kilomita 500. Mkataba wake ulipokwisha, alikwenda kuuza bima za maisha. Aliniambia alikuwa muuzaji mzuri kwa sababu alikuwa amebeba majeneza mengi ya wenzake wasiofika miaka thelathini, wote wakiwa wamekufa wakati wa amani, katika mazoezi, kwa ukungu na msitu. Hakulalamika. Alitaka tu ofisa aliyeketi mbele yake akubali kwamba hesabu hiyo ya pensheni haikuwa ya haki, na Mzee wa Barkarby hakuwahi kukubali, na bado Jumatano iliyofuata walikaa bega kwa bega.

Mambo ya dunia yalipitia mezani kwao kila wiki. Mwaka uliotangulia, Septemba 1992, benki kuu ya Uswidi ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 500 ili kuiokoa sarafu, na watoto wao waliokopa kununua nyumba walikuwa bado wanahema. Agosti 1993 ndege mpya ya kivita, Gripen, ilianguka Långholmen katikati ya Stockholm, mbele ya maelfu ya watu waliokuwa kwenye sherehe za maji. Rubani alijifyatua na kiti chake, na kwa rehema hakuna aliyekufa. Ilikuwa mara yake ya pili. Mwaka 1989 huyohuyo alikuwa ameanguka na Gripen Linköping na kupona. Vijana wa mjini walimfanyia mzaha. Wazee hawa hawakuthubutu. Walirudia tukio lile kwa viganja vyao juu ya meza, kiganja kikiinama, kikiinuka, kikiinama tena, wakieleza jinsi kompyuta na mkono wa binadamu vinavyoweza kukimbizana kila kimoja kikijaribu kumrekebisha mwenzake, mpaka ndege isiwe na mwenyewe.

Mzee wa Bima alimfahamu mmoja wa wale wanane waliopotea na ndege ya DC-3 juu ya Bahari ya Baltiki, tarehe 13 Juni 1952. Familia ziliambiwa ndege ilikuwa kwenye mazoezi. Kumbe ilikuwa ikisikiliza mawasiliano ya Warusi, na ndege ya kivita ya Kisovieti iliitungua. Moscow ilikiri mwaka 1991, baada ya miaka 39, wakati wajane wengine walikuwa wameshazikwa. Mabaki yalikuja kupatikana mwaka 2003. Aliposimulia habari hiyo sauti yake haikupanda, ila alikunja kitambaa cha karatasi mara nyingi hadi hakikukunjika tena.

Sasa nifike Kamina.

Siku ya kwanza nilipoingia kwa fundi, alinitazama, akasema, "Jambo, mama." Nilidhani alikuwa mtalii wa zamani wa Mombasa. Nilimjibu, nikamfunga vifungo vya shati, nikaendelea na kazi. Wiki kadhaa baadaye, chini kwenye kahawa, nikasikia yule mzee wa tatu, aliyekuwa mnyamavu kuliko wote, akisema kwa Kiswidi kwamba mvua za Kamina zilikuwa zikianza saa nane mchana, unaweza kurekebisha saa yako kwazo. Fundi akacheka na kusema kwamba bati la karakana lilikuwa likilia mpaka hawasikilizani.

Mimi nimezaliwa Kamina. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa B.C.K., kampuni ya reli, karakana ya vichwa vya treni. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mitaa ya wafanyakazi, na mwaka 1962 nilikuwa na umri wa miaka minane.

Sikusema kitu siku ile. Nilisikiliza. Nikajua kwamba mzee yule na fundi wangu walikuwa wamejitolea katika F 22, kikosi cha anga ambacho Uswidi ilikiunda mwaka 1961 kwa ajili ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo. J 29 tano ziliruka kutoka Uswidi Oktoba mwaka huo, zikatua Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, kisha zikahamishiwa kambi kubwa ya Kamina iliyojengwa na Wabelgiji. Mwaka 1962 zikaongezwa nne, pamoja na mbili za kupiga picha. Ubavuni ziliandikwa ONU kwa herufi nyeupe. Karibu nao walikuwepo Wahabeshi wenye Sabre na Wahindi wenye Canberra. Mzee wa Kamina alipenda sana kuwakumbuka Wahabeshi, kwa sababu jeshi lao la anga lilikuwa limejengwa baada ya mwaka 1945 kwa msaada wa Mswidi, Carl Gustaf von Rosen, na wengine wao waliweza kuwatania Waswidi kwa Kiswidi.

Hawakuwa na ramani za kuaminika. Walifuata reli. Rubani akipotea katika mawingu ya Katanga, alishuka akatafuta njia ya treni, akaifuata hadi stesheni, akasoma jina. Niliposikia hilo nilishindwa kunyamaza.

"Mzee," nikasema, "stesheni ya Kamina jina lake liliandikwa upande wa karakana. Baba yangu alikuwa akilipaka rangi."

Wote wanne walinigeukia. Fundi ndiye aliyepata maneno kwanza. Alisema, "Kumbe mama ni wa kwetu," na nikaona macho yake yamelowa.

Walichoniuliza baadaye, kwa zamu, kilikuwa kama maswali ya watu wa ndege: ulikuwa mtaa gani, upande gani wa reli, ndege zilipita juu kwa urefu gani, saa ngapi. Niliwajibu nilivyokumbuka. Niliwaambia kwamba sisi ni Waluba, na tangu Tshombe atangaze Katanga kuwa nchi, tarehe 11 Julai 1960, baba yangu alikuwa akilala na viatu. Watu wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, walisakwa na wajandarme, askari wa Tshombe. Shangazi yangu alikimbilia kambi ya wakimbizi ya Elisabethville mwaka 1961, mahali ambapo maelfu kwa maelfu ya Waluba walijikusanya chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, Waswidi wakiwemo. Shangazi alirudi na mablanketi na habari za askari wenye nywele kama katani waliogawa unga. Kwa hiyo ndege zilipopita juu yetu, nyumbani kwetu mama alishukuru Mungu. Nyumba ya jirani, kijana wao alikuwa jandarme. Huko walilia. Ukuta kati yetu ulikuwa wa tofali moja, na tulisikizana.

Tarehe 28 Desemba 1962 Umoja wa Mataifa ulianza operesheni yake ya mwisho Katanga. Kesho yake ndege za Waswidi zilishambulia uwanja wa Kengere, Kolwezi, zikaziunguza ndege za Tshombe zikiwa bado ardhini, Harvard zilizonunuliwa Afrika Kusini zikiwemo. Kabla mwaka haujaisha askari wa Kiswidi waliingia mjini Kamina. Katikati ya Januari Tshombe akasalimu amri. Hayo yapo vitabuni. Ninachokumbuka mimi ni mama akitusukuma chini ya kitanda cha chuma, harufu ya mafuta ya taa yaliyomwagika, na mngurumo uliokuja baada ya ndege kupita, ukitingisha vyombo. Halafu kimya cha barabarani ambapo hata mbuzi hawakulia. Wajandarme walikuwa wameondoka usiku. Asubuhi tukaona magari meupe.

Mzee wa Kamina alikuwa ameruka siku ile. Alisema mawingu yalikuwa chini, na kwamba alikuwa na nafasi ya kutazama kwa muda mfupi sana. Aliona ndege zilizoegeshwa, mapipa, na watu wanaokimbia. Aliendelea kuzungusha kijiko ndani ya kikombe kilichokuwa kimeisha kahawa. Kisha akaniuliza kama nilimjua mtu yeyote aliyekuwa Kengere.

Nikamwambia habari za kijana wa jirani. Alipelekwa Kolwezi kabla ya Krismasi na hakurudi. Hatukujua kama alikufa pale uwanjani, au alikufa njiani, au alikuwa miongoni mwa wale waliovuka kwenda Angola na silaha zao Januari 1963. Mama yake alimweka mwanawe katika dua za walio hai hadi nilipoondoka Kamina. Sikuwa na jibu lingine la kumpa, na sikutaka kumtungia jibu la kumpunguzia wala la kumwongezea mzigo. Alinishukuru. Mzee wa Barkarby, ambaye hakuvumilia ukimya, akarudisha mazungumzo kwenye chumba cha kufulia, na siku ile nilipanda lifti nikiwa na hasira kifuani.

Jumatano iliyofuata Mzee wa Kamina alikuja na karatasi kubwa. Alikuwa amechora Kamina kwa kumbukumbu yake, kwa penseli, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchora. Kambi ilikuwa kamili: barabara za kurukia, matangi ya mafuta, mnara, karakana ya fundi, jiko, hata mwembe ambao chini yake walicheza karata. Reli ilikuwepo. Na pale ulipokuwa mji, aliweka mstatili mtupu wenye jina la Kamina ndani yake.

"Hapa sikujua chochote," akasema. "Ndege za picha zilipiga paa. Nisaidie."

Tukaanza. Nilimwonyesha soko, misheni ya Wakatoliki, kisima, mitaa ya wafanyakazi wa reli kwa safu zake, nyumba za makarani zilizokuwa na veranda, njia ya mkato ya kwenda mtoni iliyopita nyuma ya kiwanda cha pombe ya mahindi cha bibi mmoja mkali. Yeye alipima umbali kwa kuniuliza nilitembea dakika ngapi nikiwa mtoto, akagawanya kwa hatua za mtoto, akaandika. Kazi hiyo ilichukua majira yote ya baridi hadi barafu ya Mälaren ilipovunjika. Wenzake waliingilia. Fundi alibisha kuhusu mahali pa tangi la maji, na alikuwa sahihi. Ukweli ni kwamba sijawahi kufanya kazi na mwanamume mwenye subira kama Mzee wa Kamina. Alipofariki, mwaka 1997, binti yake aliniletea ile karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya bahasha, na ninayo.

Lakini mjadala uliowasha moto kuliko yote katika chumba kile ulikuwa wa Dag Hammarskjöld. Mswidi yeyote wa rika lile alijua alikuwa wapi aliposikia kwamba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa amekufa. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, ya kampuni ya Kiswidi ya Transair, ilikuwa ikielekea Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambako alitarajia kukutana na Tshombe wasimamishe mapigano. Walikuwa watu 16. Baada ya saa sita usiku rubani aliuambia mnara kwamba ameziona taa na anashuka. Kisha kimya. Mabaki yalitangazwa kupatikana alasiri ya siku iliyofuata, saa kumi na tano baadaye, msituni, kilomita kama 15 tu kutoka uwanjani. Mmoja alikutwa hai na akafa siku chache baadaye.

Wakati ule Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kivita Kongo, ilhali Katanga ilikuwa na Fouga Magister iliyowapiga askari wa Umoja huo walivyotaka. Ndiyo maana Albertina ilisafiri usiku na kwa njia ya kuzunguka. Na ndiyo maana, wiki chache baadaye, J 29 zilipelekwa. Mzee wa Kamina alisema wote waliojitolea walikuwa na kifo kile moyoni.

Mwaka 1992 maofisa wawili wa zamani wa Umoja wa Mataifa, Conor Cruise O'Brien na George Ivan Smith, waliandika katika gazeti la The Guardian kwamba ndege ilishambuliwa na askari wa kukodiwa. Serikali ya Uswidi ikamwagiza balozi Bengt Rösiö achunguze, na mwaka 1993 akahitimisha kwamba rubani alikosea kukadiria urefu akaigonga miti. Mzee wa Barkarby aliunga mkono. Alikuwa ameshuka na abiria katika giza la Norrland kwa miaka mingi, na alijua jinsi usiku usio na taa unavyomfanya mtu aamini yuko juu kuliko alivyo. Mzee wa Kamina alikataa. Rubani wa Albertina alikuwa mtu makini, alisema, na eneo lile alilifahamu.

"Walikuwepo Waafrika wachoma mkaa," akasema Mzee wa Barkarby, "waliosema wameona ndege mbili angani. Tume ya Rhodesia ikawapuuza. Ilikuwa usiku, na hawakuwa watu wa ndege."

Niliweka kikombe cha fundi mezani.

"Mzee, umewahi kuchoma mkaa?"

Akatikisa kichwa.

"Tanuri likishafukiwa udongo, mwenyewe halali. Moto ukipata tundu la kupumulia, magogo yote yanakuwa majivu na kazi ya wiki nzima imekwenda. Mchoma mkaa anakesha nje, gizani, macho makavu, anatafuta moshi mahali usipotakiwa. Anga lake analijua. Mtu kama huyo akiniambia ameona ndege mbili, mimi nitamuuliza zilikuwa upande gani na ipi ilitangulia. Sitamuuliza kama amesomea urubani."

Hakuna aliyejibu mara moja. Halafu Mzee wa Bima akataka kujua udongo unawekwa unene gani na tanuri linakaa siku ngapi, na fundi akauliza tundu linazibwa na nini. Nikawaeleza. Mzee wa Barkarby alisikiliza yote, akasema bado anaamini ni miti, ila kwamba mimi ningefaa kukaa kwenye ile tume.

Mwaka 1994 ulikuwa mzito. Julai tuliona kwenye televisheni Wanyarwanda wakimiminika Goma, na nilikuwa na ndugu Bukavu ambao simu zao hazikushika. Wazee walikokotoa mezani ni tani ngapi za maji zinaweza kutua kwenye barabara moja ya Goma kwa siku. Kwa mtu mwingine ingekuwa hesabu baridi. Mimi nilijua ndiyo njia yao ya kushika mkono wa mtu. Septemba 28 meli ya Estonia ilizama, watu 852 wakafa, zaidi ya nusu yao Waswidi. Helikopta za jeshi zilikwenda gizani katika upepo, na mitambo ya kunyanyulia ya baadhi yake ikagoma watu wakiwa majini. Siku ile fundi hakula. Alirudia kusema kwamba kila kamba na kila koili ina fundi wake mahali fulani, amekaa sasa hivi jikoni kwake, anafikiri. Novemba wakapiga kura ya kuingia Umoja wa Ulaya, wawili wakisema ndiyo na wawili hapana, na kahawa ya wiki ile haikuwa na ladha.

Fundi alikufa majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata. Sikuwa tena na sababu ya kikazi ya kwenda Jumatano, nikaendelea kwenda.

Julai 2015 jopo la Umoja wa Mataifa likiongozwa na Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, lilitoa ripoti mpya kuhusu Albertina. Walikuwa wamewatafuta mashahidi wa Ndola waliobaki hai, wale waliopuuzwa tangu 1961, na wakaona kwamba habari zao za ndege zaidi ya moja zina uzito wa kustahili uchunguzi. Miaka miwili baadaye Jaji Othman, akiendelea peke yake, aliandika kwamba inawezekana kweli shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege, na akayataka mataifa yafungue hifadhi zao za siri. Aliendelea kuyadai.

Katika wale wanne alikuwa amebaki Mzee wa Barkarby, katika nyumba ya kutunzia wazee, hatua chache kutoka stesheni ya Hässelby gård. Uwanja wake wa ndege ulikuwa umefungwa tangu 2010 na majengo ya ghorofa yalikuwa yakipandishwa juu ya barabara ya kurukia. Nilimpelekea habari za ripoti, nikamsomea kwa sauti kubwa karibu na sikio lake zuri. Alinisimamisha kila aya. Alitaka kujua shahidi alisimama wapi, mwezi ulikuwa umechomoza au la, sauti ya injini ilitangulia mwanga au ilifuata. Nilipofika kwenye wachoma mkaa alinitazama kwa muda, akasema hilo la tanuri analikumbuka, lakini ndege mbili hazitoshi, anataka urefu na mwelekeo. Nikamwambia urefu na mwelekeo vingeulizwa siku ileile ya mwaka 1961 vingepatikana, watu walikuwepo na akili zao zilikuwa safi. Akasema hapo nina haki. Kisha akaanza upya habari za miti, nami nikaanza upya za mashahidi, mpaka mhudumu alipoleta chakula cha jioni na kutuomba tupunguze sauti.